Tuliuliza watu 80 ku fonteni, tunaweza kusema kartie nzima haina maji?

MwanaKadutu

Jambo wandugu. Niko na swali, tafazali munisaidie mbiyo sababu rapori inaingia ku komini wiki iyi inakuya.

Siye ni kikundi cha vijana wa kartie moja ya hapa Kadutu, Bukavu, tuko watu kumi na moja na hatuna mufadhili. Maji kwetu inakuya usiku wa manane ao haikuye kabisa, mama na watoto wanabeba bidoni ya litre 20 ku mugongo wanapanda nayo mulima saa kumi na moja ya asubui, na kila mara tukienda kulalamika wanatuuliza "ni nyumba ngapi?" na siye namba hatuna. Njo tukasema tufanye anketi. Tukakaa ku fonteni, pale watu wote wanachota maji, asubui tatu, tukauliza watu 80 kama robine ya kwao ilitoa maji hata mara moja mu wiki ile. 62 wakasema hapana. Shefu wa kartie iko na rejista, mule mumeandikwa menaji (familia zenye kukaa nyumba moja) 3,600. Basi nikafanya ile hesabu ya shule ya musingi, 62 juu ya 80 ni 77.5%, mara 3,600, inatoka 2,790. Nikaandika mu rapori "menaji 2,790 hazina maji".

Sasa mwenzetu mmoja anasema iyo ni uongo, haiwezekane watu 80 waongelee menaji 3,600, lazima tuulize 10%, ni kusema 360, na feza ya kufotokopia karatasi zote zile hatuna. Mwingine anasema uwiano ni uwiano, 80 inatosha. Nani iko na haki? Na kama tulikosa tufanye nini? Sitaki tupeleke kintu kule watucheke halafu wafunge dosie, na maji tunaikosa kweli.

MamaMaharagi

Mwanangu jambo. Mi sikusoma hesabu ya juu lakini nanunua maharagi ya magunia miaka kumi na nane sasa, na iyi mambo ya kuangalia kidogo ili ujue mingi njo inalisha watoto wangu. Nikuambie vile tunafanya. Gunia inafika ya kilo 100, imeshonwa. Siwezi kuimwanga yote chini, nikimwanga gunia kumi kwa siku soko itafunga sijanunua. Niko na sonda, ni chuma kama mukuki mudogo, katikati iko na mufereji, unachoma mu gunia, unageuza, unavuta, maharagi inateremuka ku mukono. Naihesabia mia moja ku sahani. Nikikuta sita zimetobolewa na dudu najua gunia yote iko hivyo, sita ku kila mia, na bei natoa kufuatana na ile sita.

Lakini sikiya vizuri. Wenye kuuza nao wanajua sonda. Juu wanaweka maharagi mupya yenye kungaa, kati wanaweka ya zamani, chini kabisa yenye kulowa. Ukichoma juu tu, hata ukihesabu elfu, umehesabu elfu ya juu. Njo maana mi nachoma juu, nachoma ubavu, nalaza gunia nachoma na kwa matako yake. Kiganja kimoja chenye kutoka pande tatu kinaniambia mambo kupita ndoo nzima ya juu.

Wewe ulisimama ku fonteni. Sasa niambie, wenye kukuya ku fonteni saa kumi na moja na bidoni ni nani? Si ni wale robine yao imekauka? Yule mwenye maji inatoka kwake bado amelala saa ile. Ulichoma gunia upande moja mwanangu. Nakuambia kwa roho safi, hata kwangu maji ni shida.

Mwalimu_Bagira

Mama amegusa penyewe. Mimi nafundisha hesabu sekondari, niongeze upande wa namba.

Ile ya 10% kwanza. Watu wengi wanaiamini, hata kwenye memwari za wanafunzi utaikuta imeandikwa kama sheria, lakini haina msingi. Usahihi wa sampuli unatokana hasa na idadi ya wale uliowauliza, siyo na sehemu gani ya kartie umeifikia. Mama akitoa maharagi mia kwenye gunia moja lililochanganywa vizuri ao kwenye kamyo nzima iliyochanganywa vizuri, ile mia inamwambia habari yenye uzito ule ule. Kipimo cha haraka ni hiki, chukua idadi ya uliowauliza, tafuta kipeuo chake cha pili (ile rasine kare), halafu gawanya 1 kwa kipeuo hicho. Ukiuliza 100, kipeuo ni 10, kwa hiyo jibu lako linaweza kupotoka mpaka asilimia 10 juu ao chini, mara 19 kwenye 20. Ukiuliza 400 inashuka kuwa 5. Ukiuliza 1,000 ni kama 3. Umeona pale? Kukata kosa nusu unatakiwa kuongeza watu mara nne, kwa hiyo kuna mahali feza inaisha kabla ya faida kuonekana.

Kwa wale 80 wako kipimo hicho kinatoa kama 11, lakini kwa kuwa 77.5 iko mbali na nusu, kosa linashuka kuwa karibu asilimia 9. Ni kusema hata kama ungechagua watu vizuri kabisa, ungepaswa kuandika "kati ya menaji 2,460 na 3,120 hivi". Ukiandika 2,790 peke yake msomaji anafikiri mlipita mlango kwa mlango mkahesabu.

Sasa lile kosa la fonteni ni jambo lingine, na ni baya zaidi, maana halipungui hata ukiuliza watu wengi namna gani. Mwaka 1936 huko Marekani gazeti moja, Literary Digest, lilituma karatasi milioni 10 kuuliza watu watamchagua nani kuwa rais, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akashinda majimbo 46 kwenye 48. Majina walikuwa wameyatoa hasa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na miaka ile ya shida mwenye simu na gari hakuwa mtu wa kawaida, tena waliojisumbua kurudisha karatasi hawakuwa sawa na walioitupa. Mwaka ule ule George Gallup aliuliza kama watu 50,000 tu, akamtaja mshindi sawasawa. Milioni mbili zilishindwa na elfu hamsini, mdogo wangu, nataka huyo mwenzako wa 10% aisome mara mbili.

Na yule asiyeamini kwamba kidogo kinaweza kuongelea kingi, mwambie habari ya Laplace, mwanahesabu wa Ufaransa. Mwaka 1802 alitaka kujua Ufaransa ina watu wangapi. Zikachukuliwa komini kutoka departema 30 (ni kama wilaya) zilizotawanyika nchini, zikahesabiwa vizuri, zikatoa watu 2,037,615. Rejista za komini zile zilikuwa na wastani wa watoto 71,866 wanaozaliwa kwa mwaka. Gawanya, inatoka mtoto mmoja kwa kila watu 28 na kitu. Basi nchi ikizaa watoto milioni moja kwa mwaka, ina watu zaidi ya milioni 28. Na hakuishia hapo, alihesabu pia namba yake inaweza kukosea kwa kiasi gani, ndiyo sehemu mimi naipenda.

Sisi hapa tulihesabiwa mara ya mwisho 1984. Tangu hapo kila namba unayosikia ya wakaaji wa Bukavu, ya wakaaji wa Kongo yote, imetokana na makadirio juu ya makadirio. Kwa hiyo mnachofanya nyinyi vijana kumi na moja si mchezo, kifanyeni vizuri.

Etangi_Kabare

Niongeze kidogo, sitakawia. Mi niko na etangi ya tilapia huku Kabare na hesabu iyi niliifanya kwa kurudi nyuma, kutafuta samaki ni ngapi bila kukausha maji. Unavua 50, unakata ncha ndogo ya pezi, unaachilia. Kisha siku mbili unavua tena unaangalia ngapi ziko na alama. Mi nilivua 60 nikakuta zenye alama 20, ni kusema theluthi moja, basi zile 50 zangu ni theluthi ya samaki yote, 150. Nilisikitika sana, nikafikiri wezi wamepita. Nilipokausha nikakuta 380!

Ni nini ilifanyika, mara zote mbili nilivulia ku kona ile nawapeaka chakula. Samaki wa kona ile njo wale wale, walikatwa pezi wakarudi palepale kungoja chakula. Mwaka wenye kufuata nilikokota wavu etangi nzima, pande zote, nikangoja siku tano wachanganyike. 50 za alama, nikavua 64, mule 8 zenye alama, hesabu inasema 400. Kukausha nikakuta 431. Siyo sawasawa lakini ile unaweza kununulia chakula. Fonteni yako njo kona yangu.

MwanaKadutu

Aksanti sana Mama, aksanti Mwalimu na ndugu wa Kabare. Nimewasomea wenzangu yote kwa sauti. Yule wa 10% amenyamaza, na mi pia nimenyamaza sababu fonteni ni mi njo niliichagua, niliona ni rahisi watu wako wengi pale. Shefu amekubali kutungojea wiki mbili. Sasa tufanye namna gani? Hatuna komputa, tuko na ile rejista ya mukono na miguu yetu.

Anketeri_wa_zamani

Miguu na rejista vinatosha kabisa. Nimefanya anketi za menaji miaka mingi, Kivu ya Kusini na Maniema, nikueleze vile tulikuwa tunafanya.

Lakini kwanza juu ya 10%, ile anketi kubwa ya taifa ya afya na uzazi ya 2013-2014 ilichukua menaji zaidi kidogo ya 18,000 kwa nchi nzima, na kwa namba zile serikali na wafadhili wakapanga chanjo na madawa. Kama 10% ingekuwa lazima ingebidi kupiga hodi kwenye menaji zaidi ya milioni moja, mpaka leo tungekuwa bado barabarani.

Kosa lenu lingine ambalo hakuna amelisema, muliuliza WATU na mukazidisha na MENAJI. Menaji yenye watoto sita inatuma watoto watatu ku fonteni, mukawahesabu kama nyumba tatu zisizo na maji na ni robine moja. Menaji ya mama muzee mwenye kukaa peke yake, anayepewa maji na jirani, haikuonekana kabisa. Munahesabu nyumba, basi muulize nyumba, jibu moja kwa kila nyumba.

Sasa namna ya kuchagua. Munataka 100? 3,600 gawanya kwa 100 ni 36. Andikeni karatasi ndogo 1 mpaka 36, mukunje, muweke mu kofia, mtoto avute moja. Akivuta 17 munaanza na menaji ya 17 mu rejista, kisha munaongeza 36, ya 53, ya 89, ya 125, mpaka mwisho wa rejista. Musichague nyingine hata kama ile ni ya mbali ao iko na imbwa mukali. Na hapa njo maanketeri wengi wanaharibu kazi, nilikuwa nawaona kwa macho yangu: unapiga hodi hakuna mtu, unaingia kwa jirani yenye kufunguliwa. Hapana! Nyumba yenye kufungwa mchana ni ya wenye kwenda kazi ao sokoni, na hao maisha yao na maji si sawa na ya mwenye kushinda nyumbani. Munarudi jioni, munarudi siku ya Mungu, mara tatu.

Swali liwe moja kwa wote na liwe na siku. Usiseme "maji inakuya vizuri?" maana kila mutu ataeleza vizuri yake. Sema "tangu siku ya kwanza iliyopita mpaka jana, robine yenu ilitoa maji hata mara moja?"

Kitu cha mwisho, muangalie rejista yenyewe. Ni ya mwaka gani? Kwenye parseli za Kadutu kuna lokateri (wapangaji) nyuma, familia mbili tatu, na mingi hawaandikwe. Mukifika kwa kila mulango muandike pembeni mumekuta familia ngapi mu parseli ambazo hazimo mu rejista, na wenyewe pia muwaulize.

MwanaKadutu

Wandugu nimerudi, tumemaliza jana. Tulivuta karatasi, ikatoka 9. Milango yote 100 tumeifikia, 14 tulirudi mara mbili na 5 tulirudi mara tatu, moja tulimukuta papa saa mbili ya usiku ametoka kazi akatushikia tochi ya simu tukiandika.

Matokeo ni iyi. Menaji 58 ku 100 robine haikutoa hata tone wiki nzima. Siyo 77 tena. Nilipoona 58 nilihuzunika kidogo sababu ile ya kwanza ilikuwa na nguvu zaidi ya kupeleka ku komini, lakini kukaa tukaipanga vizuri tukaona kintu kingine. Tulitenga nyumba za upande wa juu ya mulima na za chini. Za juu zilitoka 54, mu hizo 43 hazina maji. Za chini 46, mu hizo 15. Ni kusema juu karibu nyumba nane ku kumi zimekauka, na chini tatu ku kumi. Na fonteni tulikaa mbele ni ya juu! Ile 77.5% ilikuwa inaongelea juu peke yake na siye tukaivalisha kartie nzima. Sasa tunaweza kuwaambia presha haifike juu, na tunaweza kuonyesha ni kuanzia avenyi gani, ile kabla hatukuijua hata siye wenye kukaa hapa.

Halafu lokateri. Mu parseli zile 100 tulikuta familia 37 zisizo mu rejista. 37! Moja ni mama mwenye watoto wanne, chumba kimoja cha mbao nyuma ya jiko la mwenye parseli, anasema miaka sita yuko pale na hakuna mutu wa serikali amewahi kumuuliza jina. Mu hizo 37, 33 wanasema hawakupata maji ku robine wiki ile. Je naweza kusema 37 ku kila 100, basi ku 3,600 kuna kama familia 1,330 hazimo mu rejista?

Mwalimu_Bagira

Unaweza, ni uwiano ule ule, ila andika neno "karibu" na uweke nafasi pana kuliko kawaida, kwa sababu familia za nyuma zinakaa kwa mafungu, parseli moja haina hata moja na nyingine ina tatu. Wakikuuliza waambie ndio maana. Na usizichanganye na zile 58. Ziandike sehemu mbili.

Kwa zile za rejista, 58 ya 100 ina kosa la karibu asilimia 10, kwa hiyo andika "karibu menaji 2,090, yaani kati ya 1,740 na 2,440". Kwa juu na chini usitoe namba ya menaji, sampuli ya 54 na ya 46 ni ndogo, kosa linafika kama asilimia 11 kwa juu na 14 kwa chini, lakini tofauti kati ya 80 na 33 ni kubwa kupita makosa hayo yote, hiyo hakuna atakayeikanusha. Iweke ukurasa wa kwanza.

Anketeri_wa_zamani

Na muweke nakala ya kestionera na orodha ya namba mulizovuta, 9, 45, 81 mpaka mwisho, bila majina ya watu. Mwenye kuwa na mashaka achukue rejista akapige hodi mwenyewe.

MamaMaharagi

Yule mama wa chumba cha mbao mulimuandika vizuri? Mama wa watoto wanne? Muangalie asipotee tena mu karatasi.

MwanaKadutu

Yuko mu sehemu ya pili Mama, yeye na wale 36. Nimefuta ile 2,790 kila mahali ilikuwa. Tunaingia ku komini siku ya pili asubui saa tatu, wote kumi na moja.